Karani kakaa mahakama moja ya mwanzo miaka 34, mahakimu 11 wamempita. Hii imekaaje?

#1 Fundi Redio
Wakuu salaam.

Juzi nilikuwa kijijini, kanda ya ziwa, tumemzika baba mdogo. Jioni nikakaa jamvi moja na mzee ambaye utotoni nilidhani jina lake ni Karani. Kumbe ana jina kama watu wengine.

Aliajiriwa 1979 akiwa na miaka 20. Akazungushwa vituo viwili, 1985 akaletwa kwenye mahakama yetu ya mwanzo. Hapo hapo ndipo alipostaafia 2019. Tulihesabu mahakimu kwa vidole tukapata 11, mmoja wao alikaa miezi minne tu. Majaji Wakuu aliowatumikia tukapata watano: Nyalali, Samatta, Ramadhani, Chande na Juma. Wote wamepita, yeye yupo tu na lile kabati lake la kijani.

Kwetu mtu akiibiwa mbuzi hakusema "naenda mahakamani", alisema "naenda kwa Karani". Mume akiwekwa ndani, mke anakwenda kwa Karani. Hakimu alikuwa mgeni mwenye nyumba ya bati anayepita na baiskeli, baadaye pikipiki.

Swali langu: mtumishi wa serikali anakaaje kituo kimoja miaka 34 bila kuhamishwa, na bila kupanda cheo cha maana? Alisahaulika, alipendwa, au alikuwa anakula rushwa? Yeye mwenyewe nilimuuliza, akacheka akaomba chai.

#2 Kabwela
Anakula. Uzi ufungwe.

#3 Chuma cha Doti
#2 wewe hata ukiambiwa imamu kakaa msikiti mmoja miaka 30 utasema anakula sadaka.

#4 Kabwela
#3 Sijasema imamu, ila umenipa wazo.

#5 Nyanya Chungu
Fundi Redio umemsahau Jaji Mkuu Saidi. Wawe sita.

#6 Wakili Asiye na Gari
#5 Hapana. Saidi alimaliza 1977, Nyalali akaingia mwaka huo huo mpaka 2000. Aliyeajiriwa 1979 kamkuta Nyalali. Watano ni sahihi. Na 1979 huo ndio mwaka tulioanzisha Mahakama ya Rufani yetu, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika. Kwa hiyo mzee wa watu na Mahakama ya Rufani ni rika moja.

#7 Binti wa Masijala
Nimesoma huku macho yananiuma. Marehemu baba yangu alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo, mkoa mwingine kabisa, miaka 29. Ngoja niwaambie kazi yenyewe, maana naona watu wanadhani karani ni mtu wa kufungua dirisha.

Asubuhi anapokea walalamikaji. Mahakama ya mwanzo haina mwendesha mashtaka, mlalamikaji anasimama mwenyewe kueleza kesi yake. Kwa hiyo mama aliyepigwa na shemeji yake anakuja analia, anaanza hadithi tangu siku aliyoolewa, na karani ndiye anayemsikiliza mpaka ajue hapa kuna shambulio, hapa kuna madai, hapa ni ugomvi wa familia wa kurudishwa kwa wazee. Akishajua, anafungua jalada, anaingiza kwenye rejista, anatoa namba, anaandika hati ya wito, anampa tarehe. Mahakamani ndiye anayeita kesi, ndiye anayekamata Biblia kwa mkono huu na Msahafu kwa mkono ule. Faini ikilipwa anaandika stakabadhi. Mtu akifungwa anaandaa hati ya kifungo. Akikata rufaa, ndiye anayefunga jalada kwa kamba na kulisafirisha wilayani. Vielelezo navyo anavitunza yeye.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini karatasi zilikuwa shida kama sabuni. Fomu za wito zikiisha, baba alikuwa anapiga mistari kwa rula usiku, kwa kibatari, ili asubuhi watu wapate wito. Sisi tulichezea kaboni zilizokwisha, tunajichora masharubu. Nguo zetu za shule zote zilikuwa na alama za bluu.

Na vielelezo mnavisikia tu. Kuna mwaka kielelezo kilikuwa mbuzi jike. Kesi ikaahirishwa, mbuzi akafungwa nyuma ya nyumba yetu, sisi watoto ndio wa kumkatia majani. Kesi ikaahirishwa tena, mbuzi akazaa. Sasa yule mtoto ni kielelezo au si kielelezo? Baba alikaa na rejista ya vielelezo mbele yake siku nzima akifikiri aandike nini.

#8 Chuma cha Doti
Aliandika nini???

#9 Binti wa Masijala
"Kielelezo kimeongezeka."

#10 Kabwela
Hahahaha nimekubali. Nafuta #2 kwa muda.

#11 Wakili Asiye na Gari
#7 Kisheria hakimu anaweza kuamuru kielelezo kinachoharibika au kinachogharimu kutunza kiuzwe na fedha zitunzwe, au kirudishwe kwa mwenyewe kwa masharti. Mbuzi hakuwa na haja ya kukaa kwenu mpaka azae. Lakini amri hiyo inabidi mtu aiombe, na kijijini nani anajua? Ndiyo maana nasema karani mzoefu ni nusu ya wakili.

Nirudi kwenye swali. Watu wanachanganya vitu viwili. Hakimu anahamishwa kwa sababu anaamua, akikaa sana anazoeana na watu. Karani haamui, kwa hiyo haraka ya kumhamisha haikuwepo. Halafu zamani shughuli za uendeshaji zilikuwa juu ya wasajili, ambao kazi yao hasa ni ya kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Mahakama, Na. 4 ya 2011, ndiyo iliyoleta Mtendaji Mkuu wa Mahakama ili mambo ya watumishi, majengo na fedha yawe na mtu wake. Mzee huyu ana miaka 26 kituoni kabla ya hapo. Mimi naona alisahaulika.

#12 Kisamvu
Wakili, unasema karani haamui? 2011 familia yetu ilipoteza shamba hapo hapo mahakama ya mwanzo kwa sababu karani alificha jalada. Tulienda mara saba, kila siku "halionekani". Siku tuliyotoa elfu ishirini likaonekana chini ya mkeka. Hawa watu ndio wanaoamua nani asikilizwe.

#13 Wakili Asiye na Gari
Pole sana Kisamvu, lakini kuna kitu hakikai sawa. Kwa sheria ya 2002 ya mahakama za kutatua migogoro ya ardhi, mashauri ya ardhi yalikuwa na njia yake: baraza la ardhi la kijiji, baraza la kata, halafu baraza la ardhi na nyumba la wilaya. 2011 mahakama ya mwanzo haikuwa na mamlaka ya kusikiliza shamba lenu. Una uhakika ilikuwa mahakama?

#14 Kisamvu
Nimempigia mama. Ni kweli, lilikuwa baraza la kata. Jengo moja, mlango tofauti. Naomba radhi kwa makarani wa mahakama. Elfu ishirini yetu bado naidai.

#15 Kabwela
Narudisha #2, ila naihamishia mlango wa pili.

#16 Mgosi wa Lushoto
Wagosi, mimi nimesoma Lushoto, Chuo cha Uongozi wa Mahakama. Hakuna siri hapa, ni elimu. Chuo chenyewe kimeundwa kwa sheria ya 1998. Makarani vijana wakaanza kuja kuchukua cheti cha sheria, wengine wakaenda stashahada, wengine shahada, leo baadhi yao ni mahakimu. Darasani kwangu tulikuwa na baba mmoja mwenye mvi, karani, tulimwita Babu. Mwalimu akiuliza utaratibu wa kuita shahidi anayekwepa, sisi tunafungua vitabu, Babu anajibu akiwa anachonga penseli.

Huyo mzee wa Fundi Redio chuo kinaanza yeye ana miaka 40 hivi, watoto wanasoma. Kama ana darasa la saba, muundo wa utumishi ulishamfungia juu. Hata kwenye ule uhakiki wa vyeti wa 2017 darasa la saba walionusurika ni wale walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004. Kuhama ungemwambia ahame aende kuwa nani?

#17 Fundi Redio
#16 Ana kidato cha nne, mkuu. Nilimuuliza. Division hakusema.

#18 Mgosi wa Lushoto
Basi theluthi moja ya hoja yangu imekufa. Zilizobaki nazishikilia.

#19 Hakimu Mzee
Nimekuwa nikiusoma uzi huu bila kuingia. Mimi ni hakimu mstaafu wa mahakama ya mwanzo. Sikufanya kazi na mzee huyo, lakini nimefanya kazi na wa aina yake, niwaambieni jambo ambalo hakuna aliyeligusa.

Nilipangiwa kituo changu cha kwanza nikiwa na miaka 26. Nimefika na sanduku la bati na godoro. Karani akanipokea stendi, akanionyesha nyumba, akanieleza mlango upi haufungi. Usiku huo akaniletea orodha aliyoiandika kwa mkono: mzee wa baraza yupi husinzia baada ya saa sita, yupi ni shemeji wa nani ili nisimweke kwenye kesi ya jamaa zake, koo zipi mbili hazikai benchi moja nje ya mahakama, mlevi yupi anayekiri kosa hata ambalo hajalitenda kwa sababu gerezani anakula. Hayo huwezi kuyasoma chuoni. Wakati ule nilikuwa nakaa na wazee wa baraza wawili, na kura yao ina uzito sawa na yangu. Wawili wakikubaliana mimi nimeshindwa. Bila orodha ile ningepotea mwezi wa kwanza.

Baada ya miaka mitatu ikaja barua ya uhamisho wake, anakwenda wilayani, kwenye masijala kubwa. Niliandika barua kwamba kituo kitayumba, naomba abaki. Wakakubali. Miaka miwili baadaye ikaja nyingine, nikaandika tena. Nilidhani namsifia. Alinishukuru hata, maana barua zangu zilimsema vizuri.

Mimi nilihama. Yeye alibaki.

#20 Binti wa Masijala
Hakimu Mzee, sijui nikushukuru au nikukasirikie. Huko wilayani ndiko watu walikokuwa wanaonekana, wanapelekwa mafunzo, wanapanda.

#21 Hakimu Mzee
Najua, mwanangu. Nimelijua nikiwa nimestaafu.

#22 Nyanya Chungu
Tusimlaumu mzee wetu. Mnadhani makarani wote walitaka kuhama? Mjomba wangu alikuwa karani, kila barua ya uhamisho ikija anaugua mgongo. Alikuwa na ekari nne za pamba, mashine ya kusaga na wake wawili. Ukimpeleka wilayani unampeleka kupanga chumba. Mshahara wa karani ulikuwa wa sukari na chumvi, maisha yalikuwa shambani. Fundi Redio, huyo mzee wako ana shamba?

#23 Fundi Redio
Anayo migomba mingi tu. Na mashine ya kusaga ipo, ila anasema ni ya mkewe.

#24 Nyanya Chungu
Haya. Nimemaliza.

#25 Kabwela
Karani mwenye mashine ya kusaga. Mniache nirudishe #2 mlango wa kwanza?

#26 Mtoto wa Machakos
Hamjambo majirani. Huku Kenya baba yangu alikuwa karani wa korti, na kazi kubwa ilikuwa kutafsiri. Hakimu ametoka upande mwingine wa nchi, mshtakiwa anajua Kikamba pekee, shahidi anachanganya. Karani ndiye anabeba maneno kutoka huku kwenda kule. Baba alikuwa anasema ukitafsiri "nilimsukuma" kama "nilimpiga" umemfunga mtu. Alirudi nyumbani hataki kuongea na yeyote, maneno yamemwishia.

Hadithi za faili kupotea tunazo pia, tena nyingi. Nairobi walianza kuwasilisha kesi kwa mtandao Julai 2020, 2024 ikatangazwa nchi nzima. Baba alikuwa amestaafu. Aliuliza tu swali moja: umeme ukipotea, nani anakumbuka?

#27 Wakili Asiye na Gari
#26 Kwetu mahakama ya mwanzo inaendeshwa kwa Kiswahili tangu zamani, mzigo huo wa lugha ulikuwa zaidi mahakama za juu, ambako kesi ilikuwa inasikilizwa kwa Kiswahili na hakimu anaandika kwa Kiingereza. Sheria ya 2021 ndiyo iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote. Ila hata kule mwanzo wapo bibi zetu wasiojua Kiswahili, na hapo karani alikuwa mkalimani bila malipo.

#28 Bi Mkunga wa Unguja
Mie naongezea la kwetu. Kwa kadhi, karani ndie anaemuona mwanamke mwanzo. Anakuja na mtoto mgongoni, mume kamwacha miezi minane, hana matunzo wala talaka. Karani mwenye heshima anamkalisha, anamuandikia. Asie na heshima anamwambia "rudi Jumatatu". Yule mama harudi tena, nauli hana. Hamna kadhi wala hakimu atakaejua kama alipata kuja. Basi.

#29 Kisamvu
#28 hapo ndipo nilipokuwa nataka kufika tangu #12, nikakosea mlango.

#30 Chuma cha Doti
Mimi nataka kujua ile "Koooorti!" ya hakimu akiingia, nani aliwafundisha makarani? Kwetu karani alikuwa akiivuta mpaka kuku wanakimbia. Watoto tukaiga, mwalimu mkuu akiingia darasani mtu mmoja anapiga "Koooorti!" tunasimama wote. Tulichapwa viboko vya kutosha.

#31 Kabwela
Na kikokotoo cha mafao ya kustaafu je? Huyo mzee kastaafu 2019, si ndio wale walioliwa na mkupuo wa asilimia 25?

#32 Mgosi wa Lushoto
#31 Hapana. Kanuni ile ya 25 ilizua kelele, Desemba 2018 Rais Magufuli akaisitisha, watu wakarudi kwenye kanuni za zamani. Ya asilimia 33 ilianza Julai 2022, na 2024 ikapandishwa kuwa 40 kwa wale ambao zamani walikuwa kwenye 50. Aliyestaafu 2019 aliponea katikati. Tafadhali tusiingie huko, uzi utafika kurasa mia.

#33 Samaki Mbichi
Wakuu samahani naingia na shida yangu. Baba yetu alifariki 1993, mirathi ilifunguliwa mahakama ya mwanzo ya huko huko anakosema Fundi Redio, kama ni tarafa ninayoidhania. Mjomba ndiye aliyeteuliwa msimamizi, naye amefariki mwaka jana. Sasa benki na halmashauri wanataka hati ya usimamizi na orodha ya mali. Tumeenda mahakamani, vijana wa sasa ni waungwana kweli, wamenitafutia siku mbili, kwenye mfumo wa kompyuta mashauri ya miaka hiyo hayamo, kwenye kabati jalada halimo. Nifanyeje?

#34 Wakili Asiye na Gari
#33 Unachotafuta ni Fomu Na. IV, ndiyo hati ya usimamizi. Orodha ya mali ni Fomu Na. V, na hesabu ya ugawaji ni Na. VI. Kama VI haikuwahi kuwasilishwa, mirathi haijafungwa, na kwa kuwa msimamizi amefariki ukoo ukae uteue mwingine, mrudi mahakamani na muhtasari wa kikao. Lakini jalada la zamani mkilipata mtaokoa miezi. Mfumo wa kielektroniki ni wa mashauri ya miaka ya karibuni, usitegemee utakuletea 1993.

#35 Fundi Redio
Samaki Mbichi njoo faragha uniambie ukoo na jina la tarafa. Nitampigia mzee.

#36 Kabwela
Sasa mambo yamekuwa matamu. Nimevuta kiti.

#37 Fundi Redio
Narudi. Nimempigia jana usiku. Sikumtajia namba ya shauri, sina. Nimemtajia ukoo tu na mwaka. Kakaa kimya nikadhani simu imekatika. Halafu ananiuliza: "Ni yule aliyekuwa na ng'ombe wa mahari wanaodaiwa?" Nikamuuliza Samaki Mbichi, kasema ndiyo, kulikuwa na kesi ya ng'ombe wa mahari ya dada mkubwa.

Mzee akasema: mirathi ile ilipofunguliwa, upande wa mkwe walileta madai ya ng'ombe wao, hakimu akaomba yale majalada mawili yaletwe pamoja. Yalifungwa kamba moja. Baada ya hapo hayakutenganishwa. Kwa hiyo wasitafute kwenye mirathi, watafute kwenye madai, na wasitafute 1993, watafute 1994. Na si kabati la kijani, ni sanduku la mbao chini ya dirisha, ikiwa mchwa hawajalifikia.

#38 Binti wa Masijala
Baba yangu angejibu hivyo hivyo. Yaani na hiyo ya mchwa.

#39 Hakimu Mzee
Ngoja tuone.

#40 Samaki Mbichi
LIMEPATIKANA. Kona moja imeliwa, lakini Fomu IV inasomeka yote, mhuri unaonekana, na V ipo. Kijana wa masijala kanipigia mwenyewe leo saa tano, kafurahi kuliko mimi. Asanteni sana. Fundi Redio nielekeze nimtumie mzee kitu kidogo cha sukari.

#41 Fundi Redio
Nilishamuuliza. Kakataa. Kasema mpeleke kijana wa masijala soda, yeye ndiye aliyeinama chini ya dirisha.

#42 Kabwela
Aliyekataa hela ya sukari baada ya kustaafu, alikuwa anakataa na kabla? Nauliza tu, sijasema kitu.

#43 Mgosi wa Lushoto
Mnaona lakini? Huyo alipaswa kuwa anafundisha masijala Lushoto. Elimu ya makaratasi ilimzuia.

#44 Nyanya Chungu
Angefundisha Lushoto nani angesaga unga?

#45 Wakili Asiye na Gari
Bado nasema alisahaulika. Hakimu Mzee anasema alizuiwa. Nyanya anasema alitaka mwenyewe. Fundi Redio, hebu muulize tena, safari hii asikimbilie chai. Muulize kama kwake nako zilikuja barua za uhamisho.

#46 Fundi Redio
Nimemuuliza leo. Kasema zilikuja tatu. Nikamuuliza zilikwenda wapi. Kasema zipo kwenye jalada lake la utumishi, na jalada hilo lilipotea wilayani 1998, mpaka anastaafu halikuonekana. Walimfungulia lingine ili alipwe.

#47 Chuma cha Doti
😂😂😂 Karani kapotezewa jalada na karani!

#48 Hakimu Mzee
Muulize kama aliwahi kulitafuta.

#49 Fundi Redio
Nilimuuliza hilo pia. Kasema chai imekuja, tutaongea.

#50 Mtu wa Mapinga
Habari wadau, sijasoma uzi wote. Huyo mzee bado yupo kazini? Nina mirathi ya 2003 nayo haionekani.